Mpaka Usio na Ukuta

Jumatatu, 26 Februari 2001

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Daftari hili nimelinunua kwa kazi moja tu, kuandikia maneno, lakini najijua: nikishika kalamu sinyamazi, kwa hiyo siku nazo zitaingia humu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna Bi. Marchbanks wa chuo kikuu, anatengeneza kamusi ya maneno ya huku kaskazini mwa Uingereza. Kaambiwa kwamba nilifundisha shule ya Ketterdale miaka ishirini na sita mpaka ilipofungwa, na kwamba nimeolewa na mfuga kondoo. Anataka nimwandikie kitenzi kimoja: heft. Maana yake, asili yake, na mfano wa mtu aliye hai akikitumia. Nipeleke kabla ya mwisho wa Juni.

Nilimsomea Wilf barua mezani. Wilf ni mume wangu, ana miaka sitini na sita, na neno hilo limo kinywani mwake tangu alipoota meno.

"Anataka maana?" akauliza.

"Maana."

"Si kondoo kujua kwao, basi."

"Ndiyo nimwandikie hivyo?"

"Mwalimu ni wewe. Nipe chumvi."

Redioni hakuna kingine ila ugonjwa wa miguu na midomo. Umeanzia kusini, sasa unapanda. Tangu Ijumaa ni marufuku kusafirisha mnyama yeyote nchi nzima. Wilf anajipongeza kimoyomoyo, namwona. Kila Novemba tunawapeleka kondoo wetu wa mwaka mmoja nyanda za chini karibu na pwani, kwa Bwana Hetherington, wapate majani ya kipupwe, na kila mwaka wanarudi wiki ya kwanza ya Aprili. Safari hii Alhamisi, siku moja kabla ya marufuku, akaondoka na lori bila hata kumaliza uji akawarudisha wote hamsini na nane. Alisema wakinasa huko wakakosa majira ya kuchipua, watausahau mlima. Kesho yake akawapandisha juu kwa mama zao.

Nami nikamsifu. Nilimwambia, "Una akili wewe mzee."

Jumatano, 28 Februari

Mvua. Sikuandika neno hata moja la kamusi.

Jumamosi, 3 Machi

Jaribio la kwanza: "Heft: kumzoeza kondoo kipande kimoja cha mlima usio na uzio wala ukuta, mpaka abaki hapo kwa hiari yake maisha yake yote."

Nikamsomea Wilf. Akatikisa kichwa.

"Humzoezi wewe. Mama yake ndiye anayemzoeza. Mtoto anazaliwa, kiangazi kizima yuko ubavuni mwa mama, anaona mama anakula wapi, anajificha wapi upepo ukija, anageukia wapi. Akija kuzaa naye, watoto wake wanamwangalia yeye."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Kunywa chai."

Ni kweli, ingawa sikupenda alivyocheka. Kondoo wetu mia tatu na arobaini wako kwenye Great Skarth, mlima ulio nyuma ya nyumba, na upande wa pili wa mlima huohuo wako kondoo wa Jos Tallentire. Wetu wana alama nyekundu ubavuni, wake wana ya buluu. Katikati hakuna hata kamba. Babu yake Wilf aliwakuta hapa, na aliyemtangulia babu naye aliwakuta. Shamba la huku likibadili mikono, mtu anahama na vitanda vyake na mbwa wake, kondoo wanabaki na mlima.

Jumanne, 6 Machi

Bi. Marchbanks ameniandikia kuhusu asili. Wataalamu wengi, anasema, wanadhani neno lililetwa na watu wa Norwe waliohamia milima hii miaka elfu moja na ushei iliyopita. Kwao lilikuwa neno la sheria: ile haki unayoipata juu ya kitu kwa kuwa umekikalia muda mrefu na hakuna aliyekuja kukupinga. Baadaye likashuka kutoka kwa watu likawaingia kondoo.

Jos alifika mchana. Haingii ndani siku hizi, hakuna anayeingia kwa mwenzake. Tumetandaza majani makavu yaliyoloweshwa dawa langoni, na tunaongea kwa kupayuka kila mtu upande wake. Jos simpendi sana, niseme ukweli. Ana miaka sabini na moja na mdomo wa watu watatu. Nikampigia kelele hiyo habari ya haki.

"Ala! Kumbe kondoo zina hati miliki!" akasema. "Sasa mwalimu, mimi nimemkalia Mabel miaka arobaini na mitano, hakuna aliyenipinga. Ni wangu kisheria, au bado?"

"Kamuulize Mabel."

"Naogopa."

Wilf akacheka mpaka akakohoa. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Ijumaa, 9 Machi

Upepo. Ugonjwa umefika maili arobaini kutoka kwetu.

Jumatatu, 12 Machi

Simu ililia tukiwa kwenye chakula cha mchana. Hetherington mwenyewe. Sauti yake niliijua, ila maneno sikuyaelewa mara moja, kwa sababu alikuwa anajaribu kuwa na adabu. Aliuliza hali, akauliza mvua, halafu akasema, "Bibi Fearon, wamenikuta nao."

Ng'ombe wake. Malengelenge ulimini. Wameanza kuua leo.

Nilimwambia Wilf. Aliweka uma chini, akatazama dirishani, kule juu. Kwenye mlima kondoo wetu walionekana kama chawa weupe, wametulia. Akasema, "Wangu waliondoka kwake siku kumi na nane zilizopita." Akahesabu tena kwa vidole, zikatoka kumi na nane, na redio inasema ugonjwa huu huweza kujificha mwilini hata wiki tatu.

Hakumaliza chakula, na mimi nikakitupa changu.

Jumatano, 14 Machi

Naandika hili kwa unyoofu, maana sitaki kuja kujidanganya baadaye.

Saa nne asubuhi simu ililia tena. Wilf alikuwa bandani. Mwanamke, sauti changa, mpole, anafuatilia wanyama wote waliopita kwa Hetherington tangu Januari. Alikuwa na orodha. Akauliza kama kuna kondoo wetu waliokuwa kule.

Nilisema ndiyo.

"Wangapi?"

"Hamsini na nane."

"Waliondoka lini?"

"Tarehe ishirini na mbili Februari."

"Na tangu wafike wamekaa peke yao, au wamechanganyika na wengine?"

Nilijua kabisa ninaulizwa nini. Shamba la chini lina ukuta mzuri, wangeweza kukaa humo wiki tatu peke yao. Ningeweza kusema wamo humo. Wilf angeweza kuwashusha jioni ileile. Lakini nimekaa miaka ishirini na sita mbele ya watoto nikiwafundisha kusema kweli, na kweli ikanitoka yenyewe.

"Wako mlimani. Wamechanganyika na wote."

"Asante sana, Bibi Fearon. Umetusaidia."

Nilipomwambia Wilf, alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Hakufoka. Bora angefoka. Alisema, "Ulikuwa ufanye nini," akarudi bandani. Sikujua kama ananisamehe au ananiuliza.

Ijumaa, 16 Machi

Daktari wa mifugo kaja. Msichana wa Hispania, Inés Carrasco, kaletwa kwa sababu wa huku hawatoshi. Kavaa ovaroli nyeupe imemzidi, mikono kaikunja mara tatu. Wilf alimkusanyia arobaini, wadogo na mama zao, Inés akawafungua midomo mmoja baada ya mwingine, akawatazama kwato. Hakuna kitu. Akachukua damu kwenye chupa.

"Wazima?" Wilf akamuuliza.

"Leo, wazima. Lakini kondoo wanaficha, mzee. Ng'ombe anaonyesha, kondoo anaficha."

"Wangu hawajawahi kunificha kitu."

Inés aliosha viatu langoni muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Jumapili, 18 Machi

Kanisa limefungwa. Ibada redioni. Wilf alizima katikati ya sala.

Jumatatu, 19 Machi

Hakuna simu. Moshi upande wa kaskazini, wanachoma mizoga.

Jumanne, 20 Machi

Hakuna simu. Moshi.

Jumatano, 21 Machi

Hakuna simu. Upepo umegeuka, nikaanua nguo zikinuka. Nimezifua upya.

Ijumaa, 23 Machi

Simu imelia! Ni dada yangu, anauliza keki ya Pasaka huwekwa mayai mangapi. Nilimjibu vibaya, nikampigia tena kumwomba radhi.

Jumatatu, 26 Machi

Sasa tumeambiwa.

Mwanamume safari hii. Majibu ya damu bado, maabara zimeelemewa, huenda yakachukua wiki kadhaa. Lakini kondoo waliotoka shamba lenye ugonjwa hawawezi kusubiriwa. Watauawa wale hamsini na nane na wote waliochanganyika nao. Yaani wote. Jumatano.

Wilf alichukua simu mkononi mwangu. Nimeishi naye miaka thelathini na mitano, sijawahi kumsikia akibembeleza mtu. Leo alibembeleza.

"Chukueni wale wadogo. Wachukueni leo hii, nitawaleta mimi. Niachieni mama zao." Akasikiliza. "Hapana, bwana, hunielewi. Najua kuna fidia. Sisemi habari ya fidia. Nikinunua wengine hawatakaa. Hakuna ukuta. Unanisikia? Juu kule hakuna ukuta. Wa kwangu wanakaa kwa sababu wanajua. Ukiwaua hawa, umeua na kujua kwenyewe, na duka la kununulia hakuna." Akasikiliza tena. "Basi subirini damu. Wiki mbili tu. Nitakaa nao mlimani mwenyewe, nitalala huko." Akasikiliza, halafu akasema taratibu, "Ndiyo. Naelewa. Ndiyo, najua si wewe."

Akaiweka simu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Nilitaka kumshika mkono akaondoka. Nikabaki mimi na meza. Nikawaza: ningesema uongo siku ile. Halafu nikawaza: na kama kweli wanao? Wa Jos wako ng'ambo ya mlima, na bonde zima liko chini yetu. Kila nikizungusha naishia palepale. Wilf angewasubirisha wiki tatu tu shambani kabla ya kuwapandisha! Lakini hakuna mfugaji wa huku ambaye angewasubirisha. Mdogo akifika nyumbani unampeleka kwa mama yake mlimani, ndivyo walivyofanya baba yake Wilf na babu yake, na ningemwona wa ajabu kama asingefanya hivyo.

Jos kaja langoni jioni, kasikia. Nilitegemea maneno mengi. Alisimama kofia mkononi, kichwa chake cha upara kinanyeshewa.

"Wilf," akasema, "funga lango. Fungeni, mkae ndani. Wakija waambie waje na jeshi."

"Nikifunga na kumbe ninao ugonjwa, Jos, watakuja kuua na wako."

"Waje."

"Mjinga wewe."

"Najua," akasema Jos. Akavaa kofia akaenda zake.

Jumatano, 28 Machi

Jua lilitoka. Siku nzuri kuliko zote tangu Krismasi, na nikalichukia.

Walikuja tisa na Inés. Kiongozi wao akasema vijana wake watapanda kuwashusha. Wilf akamwambia, "Ukiwapandisha hao watu wa ovaroli nyeupe utawatawanya kondoo mpaka bonde la pili. Nitawaleta mimi."

Akaenda peke yake na mbwa wetu, Fleet. Nilimtazama kwa dirisha la jikoni. Hakuharakisha. Alipita kushoto, akazunguka juu, akapiga mluzi, nao wakaanza kujikusanya kutoka kila korongo, kidogokidogo, wakashuka mstari mmoja nyuma ya jike mmoja mzee, kama wanavyoshuka kila Julai kukatwa sufu. Matumbo yamewajaa, wiki mbili tu kabla ya kuzaa. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kukimbia. Walikuwa wanamjua.

Akawahesabu langoni wawiliwawili. Mia tatu na arobaini. Inés akauliza kama ni wote. Wilf akasema, "Wote. Hakuna aliyebaki juu."

Nilimfungia Fleet chumba cha nyuma. Wilf nilimwomba aingie ndani, akakataa. Akasema wakishikwa na mgeni wataogopa. Kwa hiyo aliwashika yeye. Kuanzia saa tano mpaka saa kumi na nusu aliwashika mmojammoja, mkono chini ya kidevu, na daktari akaweka bastola. Nilisikia kila mlio. Nilijaribu kufua, nikajaribu redio, mwisho nikaketi tu. Nilichemsha chai ya watu kumi na mmoja, ikapoa yote.

Inés aliingia mwisho kunipa karatasi ya kusaini. Macho yamemwiva. "Samahani, mama," akasema. "Lugha yenu sijui vizuri. Sijui neno lake."

"Hata sisi hatuna," nikamwambia.

Wilf alioga, akakaa. Akasema kitu kimoja tu jioni nzima, nacho alikisema akitazama mikono yake: "Matumboni walikuwa bado wanacheza."

Alhamisi, 29 Machi

Lori.

Jumapili, 1 Aprili

Mlima mtupu. Nikiwa kwenye sinki macho yanapanda yenyewe.

Jumamosi, 7 Aprili

Wilf anaamka alfajiri, anavaa, anatoka. Nilimfuata leo kwa siri. Anafika langoni, anasimama, anarudi. Akanikuta njiani. "Unanichunga?" akaniuliza. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 12 Aprili

Sasa wanawataka wa Jos, kwa kuwa wanapakana na wetu. Jos kaegesha trekta langoni, katoa betri, kakaa juu yake na blanketi. Mabel anampelekea supu. Polisi mmoja kaja, kijana niliyemfundisha kusoma, na Jos kamwambia, "Wewe ulikuwa unakojoa darasani, usinitishe." Kijana kaondoka.

Miaka yote nimemwita mropokaji. Leo nimempelekea keki ya tangawizi, nikaiacha ukutani.

Jumapili, 15 Aprili, Pasaka

Wiki hii ndiyo kondoo wetu wangekuwa wanazaa. Wilf kasafisha chupa za kunyonyeshea watoto, zote, kazipanga dirishani.

Ijumaa, 20 Aprili

Majibu ya damu yamefika kwa posta, karatasi moja. Nimeisoma mara tano. Hakuna ugonjwa. Wale hamsini na nane hawakuwa nao, mama zao hawakuwa nao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa nao.

Nilidhani Wilf atavunja kitu. Aliikunja barua, akaiweka kwenye kopo la chai, akasema, "Basi Jos watamwachia."

Ni kweli, wamemwachia. Kwa sababu wetu walikuwa wazima, wake hawana haja ya kufa. Jos kafunga lango, kawaokoa kondoo wake. Sisi tulifungua, tukasema kweli, tukawashusha wenyewe. Sitaki kusikia mtu yeyote akinieleza maana ya hilo.

Jumapili, 22 Aprili

Nimelia kutwa. Wilf kapika viazi, vimeungua.

Jumatano, 2 Mei

Barua ya Bi. Marchbanks, na maua madogo yamechorwa pembeni. Ana masikitiko kwa yote anayoyasikia redioni. Halafu anauliza, kwa ajili ya alama za kamusi: je, neno hilo bado linatumika katika bonde letu, au aliandike kuwa la zamani?

Hana kosa. Nimeisukuma chini ya mkate.

Jumanne, 8 Mei

Jaribio la tano, la sita sijui: "Heft: elimu ambayo kondoo jike humpa binti yake, ya mahali pa kukaa." Si mbaya. Nikamsomea Wilf.

"Ilikuwa," akasema.

Jumamosi, 19 Mei

Jos kaja, sasa tunaruhusiwa kusogeleana kidogo. Alikuwa anaona haya, kitu ambacho sikujua anacho.

"Wilf, kondoo zangu zinavuka," akasema. "Zimeingia kwako. Kila asubuhi nazirudisha, kufika mchana zimevuka tena."

"Ziache zijilie, Jos. Majani yanaharibika bure."

"Siyo hivyo. Sijaweka ukuta mimi, babu yangu hakuweka. Zangu zilikuwa zinaishia pale kwa sababu zako zilianzia pale. Zikikutana zinatazamana, zinageuka. Sasa hakuna wa kuzigeuza. Zitasambaa mpaka Scotland, na zangu nazo zitasahau."

Miaka yote nimefikiri kila kondoo anaujua mlima peke yake, kumbe walikuwa wanashikana. Kila asubuhi sasa Jos anapanda na fimbo, na miaka yake sabini na moja, anawarudisha kondoo wake kutoka kwenye majani ambayo hakuna mwingine anayeyala. Wilf amemwambia aache. Jos kasema atafanya mpaka magoti yagome.

Alhamisi, 24 Mei

Nimemjibu Bi. Marchbanks. Nimeandika: bado linatumika, kwa Jos Tallentire.

Jumatatu, 4 Juni

Kuna mpango, barua imekuja. Waliopoteza kondoo wa milimani watasaidiwa kuleta wengine mwakani kutoka mashamba mengine. Wakifika watachungwa na watu mchana kutwa, miaka minne au mitano, warudishwe kila wakivuka mpaka, hadi wazae mabinti na mabinti wazoee. Wanachoomba kwanza ni kitu kidogo: mfugaji achore kwenye ramani mpaka wa kondoo wake wa zamani, ili wachungaji wajue pa kuwazuia.

Ramani imo kwenye bahasha, kubwa, mpya, na mlima wetu katikati.

Wilf aliisoma mara mbili. Halafu akasema, "Miaka minne naiweza," na akala mayai yote mawili na mkate. Nilikwenda nje nikamshukuru Mungu karibu na banda la kuku.

Jumanne, 5 Juni

Mvua. Wilf kachonga penseli tatu.

Alhamisi, 7 Juni

Tulikwenda wote wawili. Alisema nishike ramani kwenye ubao, yeye atembee, mimi nichore. Mlimani kulikuwa na joto, ndege wanaimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwanzo ulikuwa rahisi. "Kutoka langoni, ufuate kijito mkono wa kulia," akasema, nikachora. "Mpaka zizi lililobomoka." Nikachora. "Hapo wanaacha maji, wanapanda kwenye ule mwamba mweupe." Nikachora. Alikuwa anatembea mbele yangu kama kijana, anageuka kuniangalia kama naandika sawa. Nilimtania kwamba anajionyesha. Akasema, "Niache nijionyeshe."

Tukafika kwenye mwamba. Juu ya hapo mlima umefunguka, majani matupu pande zote, hakuna mti, hakuna jiwe la kuitwa jiwe. Akaendelea hatua kama hamsini, akasimama.

"Hapa wanageuka," akasema.

Nikaweka penseli.

"Ngoja." Akashuka kidogo. "Hapana. Hapa." Akatazama kulia, akatazama alikotoka. Akarudi juu. Kondoo wawili wa Jos, alama ya buluu, walikuwa wanakula mbele yetu, wakainua vichwa wakatutazama. "Wanafika kwenye… kulikuwa na yule jike mzee, yule wa sikio lililochanika, alikuwa akifika mahali anasimama, wote wanageuka nyuma yake. Mimi nasubiri pale chini. Alikuwa anasimama…"

Akazunguka polepole, mikono imening'inia. Miaka sitini kaupanda mlima huu. Nilimwona usoni kabla hajasema.

"Sijui, Esther."

"Pumzika kwanza. Utakumbuka."

"Sikusahau. Sikuwahi kujua. Walikuwa wanajua wao. Mimi nilikuwa nawafuata tu."

Nikasema twende kwa Jos, tumuulize. Akasema Jos naye alikuwa anafuata wake, na wake ndio hawa wamesimama hapa. Nikasema basi, karibu yake inatosha, tukadirie. Mwisho nikasema lile ambalo sikutakiwa kusema, kwa sababu nilitaka tu ashuke twende nyumbani. "Chora popote, Wilf. Nani atajua?"

Akakaa chini kwenye majani.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Nani atajua."

Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, akaniachia. Ramani ilikuwa magotini mwangu, mstari wangu umetoka langoni, umefuata kijito, umepita zizi, umepanda mpaka mwamba mweupe, ukaishia hapo. Kondoo wa Jos walikuja wakila mpaka wakatupita.